Kikombe Nyuma ya Kikwembe

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Beni, nilipewa nepi ya mtoto ninuse. Nilikuwa nimetoka shule ya uuguzi na koti jeupe lililopigwa pasi na dada yangu, nikiamini kabisa kwamba nitaanza na mambo makubwa: mifupa iliyovunjika, pengine upasuaji. Mama Kyakimwa, mkunga aliyeongoza kituo chetu kidogo, alinitazama toka viatu hadi kola, kisha akanisukumia kitambaa mkononi.

"Usifunge pua," alisema. "Mutoto hapana kujua kuongea. Choo yake njo inaongea pa nafasi yake."

Ninyi vijana wa pediatrie, wodi yetu ya watoto, mliniomba niseme neno siku ya kuniaga. Nilisimama na chupa ya Fanta mkononi, nikashukuru Mungu na wenzangu, nikaketi. Sikujua nianzie wapi. Sasa niko nyumbani, mke wangu ameanza kuchoka kuniona, basi naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka. Mishahara nayo ilituruka sisi mara nyingi, kwa hiyo hatudaiani.

Kwa Mama Kyakimwa nilijifunza kusoma nepi kama mwanafunzi wa darasa la kwanza anavyojifunza herufi. Choo cha mtoto anayenyonya vizuri ni cha manjano, laini, chenye punje ndogondogo kama mbegu, na harufu yake haichukizi hata ukiwa hujazaa. Cha kijani chenye povu na uchungu wa siki kina neno lingine. Chenye damu, unaacha kusoma na kukimbia kwa daktari. Alinifundisha kuweka kiganja juu ya tumbo la mtoto na kungoja, maana tumbo la mtoto mchanga halijibu swali kwa haraka. Bakteria ninyi mmesoma majina yao yote marefu. Yeye aliyasema kwa namna ya mtu wa milimani aliyelima:

"Tumbo ya mutoto ni shamba mupya. Siku anazaliwa, haina kitu. Maziba ya mama inaleta wadudu bazuri, banapanda, banajaa. Kama haukupanda, majani mabaya inajipanda yenyewe."

Kulikuwa na mambo mawili yaliyolitesa shamba hilo, na tulipambana nayo miaka yangu yote. La kwanza ni poire, kile kibofu cha mpira chenye mdomo mwembamba ambacho mabibi zetu wanakitumia kuingiza dawa ya majani na tangawizi kwa nyuma, ili kusafisha tumbo la mtoto. La pili ni vidonge vya rangi mbili vilivyouzwa katika vibanda vya dawa, kimoja kimoja kama pipi. Mama anamwambia muuzaji kwamba mtoto anaharisha, muuzaji anampa kidonge, mama anakifungua na kumwaga unga kwenye maziwa. Dawa inaua wabaya, inaua na wazuri, shamba linabaki tupu. Wala siwalaumu mama wale. Mtoto akilia, mtu hawezi kukaa na mikono mitupu.

Vita vilipofika Beni tulipanda Butembo, Mama Kyakimwa na mimi, tukiwa juu ya magunia ya mchele katika lori la mfanyabiashara. Hospitali moja ikatupokea, tukawekwa pamoja tena katika pediatrie. Baridi ya Butembo ilinitesa kuliko nilivyotegemea. Madaktari wengine walikuwa wamekimbia, wauguzi tulikuwa wachache, na vitanda vilikuwa na watoto wawili wawili. Kisa ninachotaka kuwaachia kilitokea huko, wakati wa vita vya pili, barabara zilipokuwa zikifungwa na kufunguliwa kama mlango wa jiko.

Aliletwa na bibi yake. Bibi huyo aliitwa Katungu, mkulima wa upande wa Vuhovi, mwanamke mwembamba mwenye mikono mipana, na wote wodini wakamwita Koko, yaani Bibi. Binti yake Kahindo alikuwa amejifungua katikati ya kukimbia, chini ya mikaratusi, watu wakipita na mizigo yao. Damu haikusimama. Walimzika hukohuko. Koko alimfunga mtoto katika kikwembe cha mama yake, kitenge kirefu, akashuka naye hadi mjini, mahali mkwe wake Kambale alikuwa na karakana ya baiskeli.

Mtoto alikuwa msichana, wa kwanza kwa mama yake, basi kwa desturi yetu jina lake lilikuwa Masika, hakuna aliyehitaji kulifikiria. Kambale alitafuta kopo la maziwa ya unga na biberon, chupa ya kunyonyeshea. Maziwa yalipokaribia kwisha, waliongeza maji. Mtoto akaanza kuharisha. Koko akatoa poire yake. Haikusaidia. Kambale akaenda kwenye kibanda cha dawa, akarudi na kidonge. Walipofika kwetu, tumbo la Masika lilikuwa limevimba kama ngoma, mapaja yamebaki ngozi, matako mabichi kama aliyeungua, na ulimi umefunikwa na ukungu mweupe. Hakuwa akilia. Wenzangu, mnajua kwamba mtoto asiyelia ndiye wa kuogopa.

Daktari wetu, kijana mtulivu ambaye hakukimbia, alimpima bila kusema mengi. Aliagiza maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, polepole, dawa ya zambarau, violet, kinywani, na vidonge viachwe kabisa. Tulimnywesha kwa zamu. Macho yake yakarudi, akaanza kulia, tukafurahi. Kisha tukampa maziwa ya unga tena, na tumbo likafunguka upya. Ikawa hivyo mara ya pili, na ya tatu. Tulikuwa tukimtoa mtoni na kumrudisha mtoni.

"Hatatengenea na kopo," daktari alisema. "Na kopo lenyewe linakwisha. Anahitaji maziwa ya mtu."

Mama mmoja wa kitanda cha jirani alimnyonyesha siku kadhaa, Mungu ambariki, lakini mtoto wake mwenyewe alipopona akaenda zake. Wengine waliogopa kwamba ugonjwa utawarukia watoto wao, na walikuwa na haki ya kuogopa. Ndipo Mama Kyakimwa akaketi kando ya Koko na kumuuliza, kama mtu anayeulizia bei ya maharagwe:

"Koko, ulizala batoto bangapi?"

"Munane. Banabakia batano."

"Na bote balinyonya?"

"Balinyonya nini basi? Majani?"

"Basi iyo kifua inajua kazi yake. Itakumbuka."

Koko alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Kisha akatazama mtoto. Mwanamke aliyewahi kunyonyesha, hata akiwa bibi, maziwa yake yanaweza kurudi ikiwa mtoto atanyonya mara nyingi na kwa nguvu. Mama Kyakimwa alikuwa ameliona jambo hilo Beni mara mbili. Daktari alikuwa amelisoma. Mimi sikuwa nimeliona wala kulisoma. Laboratoire walimpima Koko damu, kama tulivyowapima watoa damu wote, nayo ilikuwa safi.

Shida ni kwamba hakuna mtoto anayekubali kunyonya titi kavu. Kwa hiyo tulitumia sonde, ule mpira mwembamba tunaowapitishia puani wagonjwa wasioweza kumeza. Mama Kyakimwa alichukua iliyo nyembamba kuliko zote, akaichemsha, akaweka ncha moja ndani ya kikombe cha maziwa ya kopo, yale machache yaliyobaki, na kubandika ncha nyingine kando ya chuchu kwa plasta. Mtoto ananyonya titi, maziwa yanapanda kutoka kikombeni, yeye anadhani yametoka kwa bibi. Kifua nacho kinadhani kuna mtoto mchanga. Ni uongo wa pande mbili, lakini ni uongo mzuri.

Kabla hatujaanza, Koko alitoa poire kwenye kifurushi chake.

"Na iyi?"

Nilitegemea hotuba. Mama Kyakimwa aliipokea, akaiminya karibu na sikio kusikia upepo wake.

"Nipe. Nitapuliziaka moto ya mbabula yangu."

Koko akacheka, mara ya kwanza tangu afike. Akamwachia.

Jambo lililotusumbua lilikuwa kikombe. Kikiwekwa juu, maziwa yanakimbia na mtoto anakabwa. Kikiwekwa chini sana, hanyonyi kitu, anachoka. Lazima mtu akishike na kukipandisha na kukishusha, kila mtoto anaponyonya, kutwa nzima. Mkono mmoja wa Koko ulimshika mtoto, mwingine ulilishika titi. Sisi tulikuwa wawili kwa wodi nzima. Wanawe Koko walikuwa wametawanyika, hakujua wako wapi. Mtu wa familia aliyekuwepo alikuwa mmoja tu.

Nilimfuata Kambale uani. Nilipomaliza kumweleza, alirudi nyuma hatua kadhaa kana kwamba nimemwonyesha nyoka. Kwao kila mwenye koti jeupe alikuwa daktari.

"Docta, ile hapana. Ule ni mama mukwe wangu. Ata njia moja hatupitake. Mimi niende kuona kifua yake? Mbele ya batu?"

Mnaojua nyumba zetu mnajua kwamba hakuwa akidanganya. Tangu aoe, akimwona mama mkwe wake anakuja, yeye alikuwa akiingia kwenye mihogo mpaka apite. Wodini alikuwa akiacha chakula mlangoni, akikohoa ili Koko ajifunike uso. Nilirudi ndani na jibu lake. Koko alikubaliana naye kabisa.

"Ana adabu," alisema. "Kahindo aliolewa vizuri."

Mama Kyakimwa hakubishana na yeyote. Aliomba kamba, akaifunga kutoka msumari wa dirisha hadi nguzo ya kitanda, akachukua kikwembe cha marehemu Kahindo, ndicho kilichokuwa kirefu kuliko vyote, akakitundika. Upande mmoja akamketisha Koko na mtoto. Upande wa pili akaweka kiti. Kisha akatoka kumwita Kambale.

"Wewe unashika kikombe. Haushike mama mukwe. Kikombe haina ukoo."

Kambale aliosha mikono kwa sabuni mpaka nikahofia sabuni yetu. Oili nyeusi ya baiskeli haikutoka yote kwenye kucha. Alikaa kwenye kiti akiwa amegeuza uso ukutani, mkono wake mmoja ukipita pembeni ya kitambaa na kikombe.

Kwa kuwa hawakuweza kusemezana, mimi nikawa mkalimani wa watu wawili wanaozungumza lugha moja na kuketi umbali wa mkono.

"Docta, ambia baba ya mutoto, kikombe iko juu sana."

"Kambale, wanasema kikombe kiko juu sana."

"Nimesikia. Ambia koko ya mutoto, nashusha."

"Koko, anashusha."

Nilifanya hivyo kati ya sindano na sindano, nikikimbia kutoka kitanda cha mwisho kuja kusema "pandisha." Katika masomo yangu hakuna mahali palipotajwa kazi hiyo.

Wodi ilianza kunong'ona. Bibi mzima na mtoto kifuani! Mama mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba maziwa ya mtu mzee ni bulozi, uchawi mtupu, na kwamba mtoto atakua na roho ya kizee. Koko alimtoa mtoto titini, akajifunika, akakataa kuendelea. Mama Kyakimwa alisimama katikati ya vitanda.

"Mukiona mbuzi inanyonyesha mutoto ya mbuzi ingine, munasema ni akili. Mutu akifanya, munasema bulozi. Nani hapa anaweza kumupa huyu mutoto kifua yake leo? Ainue mukono."

Hakuna mkono ulioinuka. Yule aliyesema bulozi aliinamisha kichwa. Alikuwa amefiwa na pacha mmoja, nami nilijua kwamba maneno yake yalitoka kwenye kidonda. Baadaye nilimwona akimpelekea Koko bakuli la uji.

Wiki ya kwanza haikuleta kitu. Masika alinyonya, alichoka, alilala, aliamka, alinyonya. Chuchu za Koko zilipasuka. Alikuwa akiuma kona ya kitambaa ili asipige kelele. Nilimwambia anaweza kupumzika siku moja. Alimhamishia mtoto titi la pili. Daktari alikuja kila asubuhi, akapima uzito, hakutuambia habari ya kutufurahisha wala ya kututisha.

Asubuhi moja nilikuwa natafuta mshipa wa mtoto mwingine kwa sindano nikasikia:

"Kambale, shusha kidogo."

Ilikuwa sauti ya Koko, na hakuniita. Mkono ulioshika kikombe ulitulia hewani. Kisha ukashuka polepole.

"Paka apo, mama?"

"Apo apo. Ni muzuri."

Niliendelea na mshipa wangu, macho yakanisumbua, nikalazimika kuutafuta upya. Tangu siku hiyo kazi yangu ya ukalimani ilikwisha. Walikuwa wakisemezana kwa kupitia kitambaa, kwanza juu ya kikombe tu, halafu juu ya mahindi yaliyoachwa Vuhovi, halafu, kwa sauti ya chini ambayo sikuisikiliza, juu ya Kahindo.

Ilikuwa wiki ya tatu, au karibu na hapo, Koko aliponiita.

"Docta, kuko kitu inanichoma pa kifua. Labda ni ugonjwa."

Nilimwita Mama Kyakimwa. Alibinya kidogo kwa vidole viwili. Tone likatokea. Lilikuwa zito, la rangi ya maji ya maharagwe meupe, likasimama kwenye chuchu, likaanguka. Koko alilitazama likianguka kwenye goti lake. Aligusa mahali pale kwa kidole, akaonja. Kisha akaanza kulia kwa sauti, kilio kile cha matanga ambacho hakuwa amekilia kule kwenye mikaratusi kwa sababu alikuwa anakimbia. Nyuma ya kikwembe Kambale aliuliza, "Nini? Nini? Mutoto?"

Tulipunguza maziwa ya kikombe kidogo kidogo, na Koko akaendelea kutoa zaidi. Tumbo la Masika likalainika. Siku chache baadaye Mama Kyakimwa alipita wodini na nepi mkononi, akiwaita wauguzi na hata daktari, kama mtu mwenye barua kutoka Ulaya. Ilikuwa ya manjano, laini, yenye punje. Daktari aliinama na kunusa bila kuambiwa. Shamba lilikuwa limeshika mbegu. Nimeona mengi ya kupendeza katika kazi hii, na mengine siwezi kuwaeleza watu wanapokula.

Kisha wanajeshi wakapigana mjini. Ilikuwa mchana, watu wakiwa sokoni. Risasi zilianza upande wa juu, zikashuka, na mabati ya pediatrie yakapigwa. Akina mama walinyanyua watoto na kutoka kwa milango na madirisha, wengine na chupa ya serum ikining'inia mkononi. Mama Kyakimwa na mimi tulibaki chini ya vitanda na wale wasioweza kubebwa. Kulipotulia, kitanda cha Koko kilikuwa kitupu. Kikombe kilikuwa kimeanguka, na sonde ilikuwa bado imelala ndani yake.

Kambale alifika siku iliyofuata, suruali imepasuka magotini. Alitazama kitanda, akatazama kikombe.

"Walienda wapi?"

"Watu wanasema Lubero," nilimwambia. "Wengi walishika njia ya Lubero."

"Na hakubeba biberon? Hakubeba kopo? Docta, kule ni baridi. Atamupa nini?"

Mama Kyakimwa alikuwa anaokota vioo sakafuni. Aliinuka kwa shida, mkono kiunoni.

"Alibeba maziba yote, Kambale."

Kambale alipanda baiskeli yake na kwenda kuwatafuta. Barabara ilifungwa nyuma yake. Tulikaa muda mrefu bila habari, na katika pediatrie muda mrefu bila habari huwa na maana moja.

Barabara ilipofunguliwa, malori ya viazi ya Lubero yalianza kuingia tena. Asubuhi moja nilisikia mtoto akipiga kelele uani, kelele nene, za mtoto aliyeshiba na kukasirishwa na jambo dogo. Alikuwa Masika mgongoni kwa Koko. Mashavu yalikuwa yameziba macho. Kambale alikuwa getini akimshusha mwanamke mwingine kwenye baiskeli, mzee kidogo kuliko Koko, mwenye kofia ya sufu, na kifuani kwake kulikuwa na kifurushi kilichofungwa sana.

Koko alitueleza kwamba walikuwa wamelala wote katika darasa la shule ya misheni kule Lubero, ambako Kambale aliwakuta, wakimbizi wengi, kila mmoja na blanketi lake. Masika alinyonya na kulala. Kwenye kona alikuwepo huyu mwanamke na mjukuu wake wa kiume, mama amekufa, anampa maji ya viazi. Koko alimnyonyesha huyo naye alipoweza, lakini maziwa yake hayakutosha wawili. Nitawaambia mapema ili msihangaike: mvulana yule aliishi. Lakini asubuhi ile hatukujua. Nilipofungua kifurushi niliona tumbo kama ngoma na mtoto asiyelia.

Mwanamke mwenye kofia alishika ncha ya kitambaa cha kifurushi. Alinitazama, akatazama koti langu, akaanza kuomba msamaha kwa mambo ambayo sikuwa nimemuuliza. Nilifungua kinywa nimweleze. Koko alinisogeza kando kwa kiwiko, akamshusha Masika mgongoni na kumkabidhi Mama Kyakimwa, akamketisha mwenzake kitandani.

"Kaa apa, mama," alimwambia. "Usiogope. Kwanza utakunywa uji. Kisha nitakuonyesha. Itauma, sikudanganye, itauma sana, na batu batacheka. Baache bacheke. Ulizala batoto bangapi?"

"Saba."

"Njo muzuri. Iyo kifua inajua kazi yake."

Kisha akageuka kwangu.

"Docta, unasimama nini? Enda tafuta sonde."

Nikaenda kutafuta sonde.